Ubao wa Kukatia Nyama Usiutupe

Ndugu mkulima, ukishuka Nairobi kwa shughuli zako na kupita Burma, karibu na Barabara ya Jogoo, utaona nyama choma ikikatwa juu ya ubao mnene na kuletwa mezani papo hapo juu ya ubao. Nyumbani kwako pia upo ubao wa namna hiyo, na yamkini katikati umefanya bonde na alama za kisu zimekuwa mitaro. Mitaro hiyo ndiyo hatari. Damu ya nyama mbichi hujificha humo, maji ya kusuuza yasiifikie, na kesho mama watoto hukatia kachumbari hapo hapo. Kachumbari haipikwi, na watoto huharisha.

Kwanza utazame kama unafaa kutengenezwa. Ikiwa umepasuka toka upande hata upande, au umebaki mwembamba kuliko nusu inchi, uache. Na ukichonga mpya, kamwe usitumie kipande cha nguzo ya ua iliyotiwa dawa ya mchwa. Nyingi zina arseniki, nayo ni sumu. Hata kuni zake hazifai jikoni.

Ukifaa, usugue kwa maji ya moto na sabuni, kisha usimamishe kivulini siku mbili, kwani jua kali huupinda. Bonde likiwa la kina, seremala aupige randa, Gikomba hawakosekani. Likiwa dogo, msasa watosha: anza na namba 80, kisha 120, mwisho 220, ukifuata nyuzi za mti. (Msasa ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza kama tupa, mafundi waliyatumia kabla ya karatasi za dukani.) Lowesha kidogo ili nyuzi zisimame, na ubao ukikauka pitisha namba 220 tena.

Sasa mafuta. Ya kupikia huchacha yakanuka, na vanishi hubanduka chini ya kisu. Nunua kwa muuza dawa yale maangavu kama maji, yanayonywewa kulainisha choo, yaitwayo likwidi parafini. Jihadhari na jina: si mafuta ya taa, ambayo wengi huyaita parafini! Paka, acha usiku kucha, pangusa yaliyobaki. Fanya hivyo mara tatu. Baadaye usiuloweke katika beseni, na nyama mbichi uipe ubao wake peke yake.