Ugonjwa wa figo kwa paka: Kiu ya paka mzee si joto tu

PAKA mzee anapoanza kunywa maji mara kwa mara na kukonda taratibu, watu wengi wa mjini huona kuwa ni uzee au joto. Madaktari wa mifugo wanaeleza kuwa hali hiyo inaweza kuwa ishara ya ugonjwa sugu wa figo, ambao ni miongoni mwa maradhi yanayoongoza kwa kuua paka waliozeeka.

Inakadiriwa kuwa takriban paka mmoja kati ya watatu waliovuka umri wa miaka 10 ana ugonjwa huo kwa kiwango fulani, na uwezekano wa kuupata huongezeka kadiri miaka inavyosonga.

Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Hata hivyo, ukigundulika mapema na mgonjwa akapata chakula, maji na dawa zinazomfaa, paka anaweza kuishi miaka kadhaa akiwa na nafuu. Tatizo ni kwamba wengi hufikishwa kwa daktari wakiwa wamekwisha kuacha kula, wakati figo zikiwa zimebakiwa na nguvu kidogo sana.

Figo za mnyama wa jangwani

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wa nyumbani alitokana na paka-mwitu wa maeneo makavu ya Mashariki ya Kati. Mnyama huyo alipata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika nyama ya mawindo, na figo zake zilikuwa na uwezo mkubwa wa kubana maji yasipotee. Paka wa leo amerithi maumbile hayo. Kwa kawaida hunywa maji machache, na mkojo wake huwa mzito.

Kila figo ya paka ina vichujio vidogo vipatavyo 200,000 viitwavyo nefroni, ikilinganishwa na takriban milioni moja katika figo ya binadamu. Vichujio hivyo huondoa uchafu katika damu, hurudisha maji mwilini na kusawazisha madini kama potasiamu na fosforasi. Aidha, figo husaidia kurekebisha shinikizo la damu na hutoa homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu.

Nefroni ikifa haioti nyingine. Zilizobaki hubeba mzigo wa zile zilizokufa, na kwa muda mrefu mwenye paka haoni tofauti yoyote. Ni pale takriban theluthi mbili zinapokuwa zimepotea ndipo mkojo huanza kuwa mwepesi na kiu kuongezeka. Kiwango cha kreatinini, yaani uchafu unaopimwa katika damu ili kujua hali ya figo, hupanda waziwazi baada ya robo tatu ya uwezo wa figo kuondoka.

Ndiyo sababu wataalamu hawakubaliani na usemi kwamba paka ameugua ghafla. Mara nyingi alianza kuugua miezi au miaka mingi kabla.

Chanzo chake

Kwa paka wengi chanzo halisi hakijulikani. Kinachoonekana ni figo zilizochakaa na kujaa makovu. Wapo wanaopata ugonjwa baada ya maambukizi ya bakteria, mawe ya figo au uvimbe wa saratani. Paka wa uzao wa Persian na waliochanganyika nao wanaweza kurithi ugonjwa wa vifuko vya maji katika figo, ambao kasoro yake ya kinasaba ilitambuliwa mwaka 2004 na sasa hupimwa kabla ya kuzalisha.

Upo pia ugonjwa wa figo wa ghafla, ambao huweza kuua kwa siku chache. Sumu ni moja ya sababu zake kubwa. Maua ya yungiyungi ya jamii ya Lilium, yanayouzwa kupamba meza na kumbi za harusi, ni hatari mno kwa paka. Jani, petali, chavua aliyoilamba kwenye manyoya au hata maji ya chombo cha maua yanaweza kuharibu figo zake ndani ya siku 3. Kadhalika, maji ya kupozea injini yenye kemikali ya ethilini glaikoli, yakimwagika chini ya gari, huua hata kwa kiasi kidogo.

Dawa za binadamu ni hatari nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hazikosekani katika nyumba nyingi, huweza kuzima figo za paka. Parasetamoli nayo ni sumu kwake, kwani huharibu chembe nyekundu za damu na ini. Hakuna kipimo cha kukisia nyumbani kinachoweza kuwa salama.

Ulimwengu ulipata somo zito mwaka 2007, wakati mamilioni ya makopo na pakiti za chakula cha paka na mbwa yalipoondolewa madukani huko Marekani na Kanada. Unga wa protini ya ngano ulioagizwa kutoka China ulikuwa umechanganywa na melamini. Kemikali hiyo, ikikutana na asidi ya sayanuriki, iliunda chembechembe ngumu zilizoziba figo za wanyama, na wengi walikufa.

Dume anayekwenda mara kwa mara kwenye mchanga, akajikamua na kulia bila kutoa mkojo, ana dharura ya aina nyingine. Njia yake ya mkojo huenda imeziba, na anapaswa kufikishwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni kunywa na kukojoa kuliko ilivyokuwa kawaida. Mchanga wa kujisaidia hulowa zaidi, au paka aliyekuwa haonekani kwenye bakuli sasa hufuata bomba na ndoo bafuni.

Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupima. Maji yapimwe asubuhi kabla ya kuwekwa, na yanayobaki yapimwe baada ya saa 24, paka akiwa ndani na hana chombo kingine. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana tatizo. Kwa paka wa kilo 4, hizo ni mililita 400, karibu na chupa ya nusu lita. Hata aliye chini ya hapo achunguzwe iwapo kiu yake imebadilika.

Dalili nyingine ni kukonda, manyoya kukosa mng'ao, kuchagua chakula, kutapika, kufunga choo na kutoa harufu kali mdomoni. Ugonjwa ukikomaa, vidonda hutokea kinywani na fizi hupauka kwa upungufu wa damu. Potasiamu ikipungua sana, paka hulegea hata kushindwa kuinua shingo.

Uzito ni kipimo kinachopuuzwa. Paka wa kilo 4 akipungua nusu kilo, ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua karibu kilo 9. Wenye paka wanashauriwa kuwapima kila mwezi na kuandika. Asiye na mizani ndogo anaweza kujipima akiwa amembeba paka, kisha akajipima peke yake na kutoa tofauti.

Vipimo na hatua za ugonjwa

Daktari hapaswi kuamua kwa kutazama peke yake. Kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia huleta kiu na kukonda. Vipimo vya msingi ni damu, mkojo na shinikizo la damu. Katika mkojo huangaliwa uzito wake, uwepo wa protini na maambukizi. Tangu mwaka 2015 kimekuwapo pia kipimo cha damu kiitwacho SDMA, ambacho huweza kuonyesha udhaifu wa figo mapema kuliko kreatinini.

Matokeo hayo hutumika kuugawa ugonjwa katika hatua 4, kwa utaratibu wa jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, IRIS, lililoundwa mwaka 1998. Kreatinini ya miligramu 1.6 hadi 2.8 kwa desilita ni hatua ya pili, 2.9 hadi 5.0 ni ya tatu. Na zaidi ya 5.0 ni ya nne. Hatua ya kwanza hutambuliwa kwa ishara nyingine huku kreatinini ikiwa bado chini ya 1.6.

Hatua hizo zina maana kubwa kwa familia. Paka wengi wanaogunduliwa katika hatua ya pili huweza kuishi miaka 3 au zaidi, walio katika hatua ya tatu takriban miaka 2, na walio katika hatua ya nne mara nyingi ni wiki au miezi michache.

Dagaa na mlo wa mgonjwa

Kati ya njia zote za kuudhibiti ugonjwa huu, chakula ndicho chenye ushahidi mzito. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia paka 50. Waliokubali chakula maalumu cha figo waliishi siku 633 kwa wastani wa kati, na walioendelea na mlo wao wa kawaida siku 264. Kwa kuwa kundi la pili lilikuwa la paka waliokataa chakula hicho au ambao wenyewe hawakukitaka, tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ni ya chakula. Hata hivyo, tafiti za baadaye zilithibitisha manufaa yake.

Siri kubwa ya chakula hicho ni kupunguza fosforasi, ambayo hurundikana mwilini figo zikichoka na kuharakisha uharibifu. Hapo ndipo mlo uliozoeleka Afrika Mashariki unapohitaji kutazamwa upya. Dagaa wakavu huliwa wazima, na sehemu kubwa ya fosforasi ya samaki iko kwenye mifupa. Vichwa na miiba ya samaki ni hivyo hivyo, na samaki wa chumvi huongeza mzigo mwingine. Kwa paka mwenye afya dagaa si sumu, lakini kwa mgonjwa wa figo wasiwe mlo wa kila siku.

Chakula maalumu si rahisi kukipata katika kila duka. Asiyekipata anashauriwa kupanga mlo na daktari, kwa kutumia nyama au minofu isiyo na mifupa, na ikibidi dawa inayochanganywa na chakula ili kunasa fosforasi tumboni. Kumnyima paka nyama kabisa na kumpa ugali au wali ni kosa, kwa kuwa yeye ni mla nyama na misuli yake itaisha. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuharisha humwongezea upungufu wa maji.

Mabadiliko ya chakula yafanyike polepole, hata kwa wiki kadhaa. Paka anayesusa kula kwa siku chache anaweza kupata ugonjwa wa ini, hivyo kula chochote ni bora kuliko kukaa na njaa mbele ya chakula bora.

Maji na dawa

Paka wa figo asinyimwe maji hata usiku. Wapo wanaofunika ndoo na kuondoa bakuli ili paka asikojoe ovyo. Kufanya hivyo ni kumharakishia kifo, kwa sababu figo zake haziwezi tena kubana maji. Inafaa kuweka mabakuli kadhaa, kubadili maji kila siku, na kumpa chakula chenye majimaji. Supu isiyo na chumvi wala kitunguu inaweza kuongezwa. Kitunguu ni sumu kwa paka.

Ugonjwa ukisonga, daktari anaweza kuagiza maji ya dripu yanayowekwa chini ya ngozi ya mgongo. Wenye paka wengi hufundishwa kufanya kazi hiyo nyumbani, na paka wengi huizoea. Kiasi hupangwa na daktari, kwani maji yakizidi huweza kujaa kifuani.

Shinikizo la damu linalobaki juu ya 160 huhitaji dawa, na amlodipini hutumika sana. Lisipodhibitiwa, paka huweza kupofuka ghafla. Ipo pia telmisartani kwa paka wanaopoteza protini katika mkojo, dawa za kichefuchefu na za kurudisha hamu ya kula, na nyongeza ya potasiamu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kwa masharti molidustati, dawa ya kutibu upungufu wa damu kwa paka wenye ugonjwa huo.

Huko Japan, mtafiti Toru Miyazaki na wenzake walieleza mwaka 2016 kuwa protini ya AIM, inayosaidia kusafisha mirija ya figo, hushindwa kufanya kazi ipasavyo kwa paka. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kutafuta dawa mpya.

Uamuzi wa familia

Kumtunza paka wa figo kunahitaji muda na fedha, na si kila nyumba inaweza kumudu vyote. Wataalamu wanashauri daktari aelezwe ukweli tangu mwanzo, ili apange yale yenye faida kubwa zaidi: kwanza maji na chakula, kisha shinikizo la damu, halafu mengine.

Siku ambazo paka hali, hajisafishi manyoya na hujificha zikizidi siku njema, ni wakati wa kuzungumza na daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu. Kumpeleka sokoni na kumtupa huko, kama baadhi ya watu wafanyavyo, ni kumwacha afe kwa kiu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa paka aliyefikisha miaka 7, kupimwa damu, mkojo na uzito angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili baada ya miaka 10, ndiko kuziba ufa huo wakati nefroni za kutosha bado zipo.