Kufundisha Hesabu za Uchafuzi: Mfano wa Chekereni

Mwalimu akikataza tu kuchafua maji, wanafunzi humwitikia, kisha husahau. Yafaa wapime wenyewe. Tuchukue Chekereni, kusini mwa Moshi, ambako skimu ya umwagiliaji iliyokamilika mwaka 1987 hupeleka maji ya mto Rau katika majaruba ya mpunga.

Tutie gramu 100 za chumvi, badala ya mbolea, katika lita 20 za maji: kila lita hubeba gramu 5. Turudie kwa lita 10, kama mfereji wakati wa kiangazi: kila lita hubeba gramu 10. Chumvi haikuongezeka, maji ndiyo yaliyopungua. Sasa tutie gramu 50 katika lita 10: twarudi kwenye 5. Mvua hatuiamrishi, bali kiasi tutiacho tunakitawala.

Kielelezo hiki hakihesabu kinachofyonzwa na udongo na mimea. Tuwaeleze wanafunzi hivyo.

Vivyo hivyo, kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za maganda. Yakitupwa mferejini ni taka. Yakichomea matofali ni kuni. Wanafunzi na wakadirie: kijiji chao hutupa kiasi gani, na nani hunywa maji chini yao?