Bomba la Nje Wakati wa Baridi

Februari 2021 baridi kali iliingia jimbo la Texas, Marekani, na mabomba ya nyumba nyingi yakapasuka. Sababu yake twaijua: maji yagandapo huongezeka ukubwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na msukumo wake hupasua hata chuma. Tena hasara hujificha. Barafu iyeyukapo ndipo nyumba ifurikapo.

Basi ndugu zetu wakaao nchi za baridi yawapasa, kabla ya majira hayo, wauondoe mpira wa bustani, waifunge koki iliyo ndani ya nyumba, kisha waifungue bilula ya nje maji yote yatoke, na waiache wazi. Bomba lisiloweza kumwagwa maji yake na lizungushiwe sifongo nene. Bomba tupu halina cha kuganda.