Vyuo Vikuu vya Ujerumani na Masomo Yake

Ujerumani haina chuo kikuu kimoja kinachoongoza katika kila fani. Elimu ya juu iko mikononi mwa majimbo 16, na sifa za vyuo zimetokana na historia ya mahali vilipo. Anayetafuta nafasi huko hana budi kuchagua somo kwanza, ndipo achague chuo.

Mfano mzuri ni Hohenheim, Stuttgart. Mlipuko wa volkano ya Tambora, Indonesia, mwaka 1815 uliharibu hali ya hewa, na mwaka uliofuata mavuno ya ufalme wa Württemberg, ilikokuwa Stuttgart, yakaharibika, njaa ikaingia. Mfalme wake, Wilhelm wa Kwanza, akaanzisha chuo cha kilimo mwaka 1818. Hadi leo kilimo ndicho kinachokipa jina, na shahada yake ya uzamili katika kilimo cha nchi za tropiki hufundishwa kwa Kiingereza. Ni mahali panapostahili kutazamwa mapema na kila mwanafunzi wa kilimo kutoka Afrika Mashariki.

Freiberg, katika Saxony, ilikua juu ya migodi ya fedha. Chuo chake cha madini ni cha mwaka 1765, na ndipo Clemens Winkler alipogundua elementi ya germani mwaka 1886. Wanafunzi bado huteremka kwenye mgodi wa mafunzo, wakapima miamba wakiwa chini ya ardhi. Kwa uhandisi wa mitambo hutajwa Aachen na München. Kwa uchumi na biashara, Mannheim. Bayreuth inajulikana kwa taaluma za Afrika, Kiswahili kikiwemo.

Heidelberg, chuo cha tangu 1386, ina jina kubwa katika tiba. Hata hivyo udaktari husomwa kwa Kijerumani na ushindani wake ni mkali. Kwa jumla shahada ya kwanza hudai Kijerumani, na mwenye cheti cha sekondari kisicholingana na cha huko hupitia kwanza Studienkolleg, kwa kawaida mwaka mmoja. Kozi za Kiingereza ni nyingi zaidi katika uzamili.

Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini jambo hili lisichukuliwe kijumla. Tangu 2017 jimbo la Baden-Württemberg, zilipo Heidelberg, Mannheim na Hohenheim, huwatoza wanafunzi wengi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kilianza kutoza mwaka 2024.