Jeshi Liliwajibu Nini Walioona Vitu vya Ajabu Angani?

Usiku mtu anaweza kuona mwanga angani asioujua. Mmoja atasema ni nyota. Mwingine atasema ni ndege. Wa tatu atanyamaza, maana anaogopa kuchekwa. Leo tutaeleza jinsi jeshi la Marekani lilivyozipokea habari za namna hiyo.

Mambo yalianza tarehe 24 Juni, 1947. Rubani mmoja, Kenneth Arnold, alikuwa akirusha ndege yake karibu na mlima Rainier. Aliona vitu tisa vinavyong'aa, vikienda kasi sana. Magazeti yakaviita "visahani vinavyoruka". Basi watu wengi wakasema hata wao wameviona.

Jeshi la Anga likapata wasiwasi. Siku hizo Marekani na Urusi zilikuwa hazielewani. Je, kama ni ndege za adui? Likaanza kuchunguza. Kuanzia mwaka 1952 kazi hiyo iliitwa Blue Book, maana yake Kitabu cha Buluu.

Kazi ilifanywaje? Mtu aliyeona kitu alipewa fomu ya kujaza. Aliulizwa: Uliona siku gani? Saa ngapi? Upande gani? Kwa muda gani? Aliombwa hata achore picha. Kisha majibu yake yalilinganishwa na habari za nyota, ndege na baluni za kupimia hali ya hewa. Mara nyingi, kumbe ilikuwa sayari ya Zuhura, au kimondo, au baluni tu.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kujibu haraka. Mwezi Machi, 1966, watu wengi katika jimbo la Michigan, hata polisi, waliona mianga ya ajabu. Mtaalamu wa nyota aliyelisaidia jeshi, Dk. J. Allen Hynek, alisema huenda ni gesi ya kinamasi. Yaani majani yakioza majini hutoa gesi, nayo inaweza kuwaka. Watu walikasirika. Waliona wanafanywa wajinga. Mbunge mmoja wa jimbo hilo, Gerald Ford, alidai Bunge lilichunguze jambo hilo.

Kasoro ya pili ni siri. Mwaka 1955 Marekani ilianza kujaribu ndege ya upelelezi iitwayo U-2. Iliruka juu zaidi ya futi 60,000. Sote tunajua kwamba jua likizama, bondeni huwa giza lakini kilele cha mlima bado kinamulikwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa U-2. Marubani wa ndege za chini waliona kitu kinawaka juu yao, wakatoa taarifa. Mwaka 1997 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilieleza kwamba wachunguzi waliweza kuitambua U-2 katika taarifa nyingi, ila hawakuruhusiwa kusema. Mwananchi alisema kweli, lakini hakuambiwa kweli.

Kazi ya Blue Book ilifungwa mwezi Desemba, 1969. Taarifa zilizopokelewa zilikuwa 12,618. Kati ya hizo, 701 hazikupata maelezo. Jeshi lilisema halikuona hatari kwa nchi, wala dalili ya wageni kutoka dunia nyingine. Lakini wengi hawakuamini tena. Imani ikishavunjika, hata jibu la kweli hutiliwa shaka.

Tunajifunza nini? Anayeona jambo aandike mara moja: siku, saa, mahali, na alichokiona kwa macho yake. Asiongeze chumvi. Naye anayepokea taarifa asimcheke mtu. Kama hajui, aseme hajui.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini Jeshi la Anga lilianza kuchunguza?
2. Kwa nini watu wa Michigan walikasirika?
3. Je, kiongozi akiwa na siri ya kulinda nchi, awajibu nini wananchi?