Umri Uliomo Mfupani (2)

Wiki iliyopita tuliona kwamba umri wa mtoto husomeka bila taabu kubwa, kwa sababu meno huota kwa zamu na ncha za mifupa huungana kwa mpangilio unaojulikana. Mtu akishavuka miaka thelathini, mpangilio huo umekwisha. Kinachobaki kusomwa ni uchakavu, na watu hawachakai kwa kasi moja.

Wataalamu hupenda kutazama pale mifupa miwili ya kinena inapokutana mbele ya nyonga. Kwa kijana, uso wa mfupa huo una matuta na mifereji. Miaka ikienda matuta husawazika, ukingo hujengeka kuuzunguka uso, kisha uso wenyewe huanza kutobokatoboka. Mwaka 1920, T. Wingate Todd wa Cleveland, Marekani, aliyagawa mabadiliko hayo katika hatua 10. Mwaka 1990 Sheilagh Brooks na Judy Suchey wakaeleza hatua 6, wakitumia mifupa ya maiti zilizochunguzwa Los Angeles. Hatua ya sita, kwa wanaume, huanzia miaka 34 na kufika 86. Polisi anayetafuta jina la marehemu atalifanyia nini jibu hilo?

Tena kuna ubishi wa macho: huyu anasema hatua ya nne, mwenzake ya tano, na mfupa ni ule ule. Skana ya leza huugeuza uso wa mfupa kuwa maelfu ya nukta zilizopimwa pande zote tatu. Katika njia iliyochapishwa mwaka 2015 na Detelina Stoyanova, Bridget Algee-Hewitt na Dennis Slice, kompyuta hukunja bapa jembamba la kubuni mpaka lilale juu ya nukta hizo, kisha hukokotoa nguvu iliyotumika kulikunja. Matuta ya ujana hudai nguvu nyingi, uso uliosawazika hudai kidogo. Nguvu hiyo ndiyo hutafsiriwa kuwa miaka.

Ubishi wa macho unapungua kweli. Lakini kompyuta nayo ilifundishwa kwa mifupa ya watu fulani, na mwaka 1982 Jean-Pierre Bocquet-Appel na Claude Masset walikwisha kuonya kuwa makadirio huiga umri wa kundi lililotumika kutengeneza kipimo. Binafsi, kabla ya kuuliza skana ni ya aina gani, ningeuliza mifupa hiyo ilikuwa ya nani.

Wiki ijayo tutahamia nyuma ya nyonga, inapoungana na uti wa mgongo, ambako Owen Lovejoy na wenzake walieleza hatua 8 mwaka 1985.