Meza Ndogo, Kazi Kubwa: Namna ya Kubana Fishie Bila Kuchosha Mashini



Wiki iliyopita sisi wa mwaka wa sita tulitaka kubana fishie moja ya gigabaiti 3. Ilikuwa na kurasa za maswali ya zamani ya Examen d'Etat, tupate kuwagawia wafinalisti wote. Ordinatere yetu ni ya zamani, iko na memwari ya megabaiti 512 tu. Tukachagua ngazi ya 9, tukisema itabana zaidi. Mashini ikawa nzito, ikasimama. Kiisha kurani ikakatika. Kazi ya siku nzima, bure!

Kosa halikuwa la fishie. Tuelewe hivi: katika kitabu cha nyimbo kiitikio kinaandikwa mara moja. Kwa ubeti wa pili tunaona tu alama ya kurudia. Njo kubana kwenyewe. Wataalamu Jacob Ziv na Abraham Lempel walieleza namna hii katika mwaka 1977: mashini ikikuta maneno yaliyokwisha kupita, haiyaandiki tena, inaonyesha tu pahali yalipo nyuma.

Lakini kwa kukumbuka yaliyopita inapaswa kuyaweka mezani. Ile meza inaitwa kamusi. Ukubwa wake njo unakula memwari, hapana ukubwa wa fishie, kwa maana fishie inasomwa kipande kwa kipande. Katika programu xz, ngazi ya 9 iko na kamusi ya megabaiti 64, nayo inaomba memwari ya megabaiti 674. Sisi tuko na 512! Ngazi ya 6 iko na kamusi ya 8, inaomba 94 tu.

Basi tulishuka mpaka 6. Tena tuliamuru mfanyakazi mmoja tu ndani ya mashini, sababu wakiwa wengi kila mmoja anaomba meza yake. Fishie ilitoka nene kidogo, lakini kazi iliisha.

Tumfikiri pia ndugu atakayeifungua: ya ngazi ya 9 itamwomba megabaiti 65, ya 6 itamwomba 9 tu. Na picha za JPEG na nyimbo za MP3 msizisumbue, zimekwisha kubanwa.

Wenzetu, tusingoje mashini mpya. Mwenye meza ndogo apange kazi kwa kadiri ya meza yake. Maswali yako tayari. Mje na klefu zenu, mchukue. Examen iko karibu.